Simu imekuwa benki na ofisi, ila ulinzi ungali mikononi mwa mwenyewe

ZAMANI aliyetaka kumtumia mamake fedha kijijini alizitia kwenye bahasha, akamkabidhi utingo wa basi na kubaki akiomba zifike salama. Aliyehitaji pasipoti naye alirauka alfajiri kupiga foleni jijini Nairobi. Leo hii sehemu kubwa ya shughuli hizo hufanywa kwa simu ya mkononi. Swali ambalo Wakenya wengi hawajajiuliza ni hili: iwapo simu ndiyo benki, ofisi na kabati la stakabadhi, ni nani anayeshika ufunguo?

Safari hii ilishika kasi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilipozindua M-Pesa. Huduma hiyo haikuhitaji intaneti wala simu ya bei ghali. Hata ile maarufu kama ‘mulika mwizi’ ilitosha. Wakala alipokea fedha taslimu na kuziingiza katika akaunti ya mteja, naye aliyetumiwa akazitoa kwa wakala mwingine aliye karibu naye. Novemba 2012 ilifuata M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa, kisha Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mteja kukamilisha malipo hata salio lake likiwa limepungua. Hata hivyo, Fuliza si zawadi. Ni deni lenye ada, na hukatwa punde tu fedha zinapoingia.

Kwa upande wa serikali, tovuti ya eCitizen, iliyoanza mwaka wa 2014, ndiyo mlango mkuu. Humo ndimo mwananchi huomba pasipoti, cheti cha maadili mema, leseni ya kuendesha gari na usajili wa jina la biashara. Kufikia mwisho wa Juni 2023 serikali ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimehamishiwa huko. Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru (KRA) nayo hutumia iTax, ambako kila mwenye nambari ya ushuru hutakiwa kuwasilisha ripoti ya mapato kufikia Juni 30 kila mwaka. Anayekosa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000, hata kama hakuwa na mapato yoyote.

Usafiri pia umebadilika. Uber iliingia Nairobi mwaka wa 2015, na baadaye Bolt, iliyokuwa ikiitwa Taxify. Abiria huona jina la dereva, nambari ya gari na kadirio la nauli kabla ya kuabiri. Kanuni za mwaka wa 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni hizo zinaweza kumtoza dereva.

Lakini kila penye urahisi pana upande wa pili. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi na huduma zikakwama, ishara kwamba mlango ukiwa mmoja, ukifungwa wote hubaki nje. Aidha, wazee na wengine wasio na simu za kisasa hulazimika kwenda kwa wahudumu wa saiba, wakawatajia nambari za kitambulisho na hata neno la siri. Anayefanyiwa hivyo amempa mtu mwingine nafasi ya kutenda kwa jina lake. Heri kwenda katika kituo cha Huduma kilicho karibu, au kumtuma mtoto au mjukuu anayeaminika.

Mikopo ya simu ni mtego mwingine. Kwa miaka mingi, baadhi ya programu za kukopesha zilichukua orodha ya watu waliohifadhiwa katika simu ya mteja, kisha zikawapigia jamaa na waajiri wake kumwaibisha alipochelewa kulipa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zilipiga marufuku uonevu huo na kuwataka wakopeshaji hao wawe na leseni. Kabla ya kukopa, mwananchi anafaa kuthibitisha kuwa kampuni imo katika orodha ya Benki Kuu. Anayeona data yake imetumiwa vibaya anaweza kulalamika katika afisi ya Kamishna wa Data.

Kisha kuna matapeli. Mbinu yao kongwe ni kutuma ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, kisha kupiga simu wakilia kwamba wametuma fedha kimakosa. Anayewahurumia hurejesha fedha zake mwenyewe, maana hakuna kilichoingia. Dawa ni kuangalia salio kwanza. Ujumbe wa kutiliwa shaka husambazwa kwa nambari 333 bila malipo. Aliyekosea kweli nambari ya kutuma husambaza ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa.

Nambari ya siri ya M-Pesa haitakiwi na mhudumu yeyote halali, hata awe anajiita mfanyakazi wa kampuni. Anayeiomba ni mwizi, naye jibu lake ni moja tu: kukatiwa simu.