Jinsi Jeni Zinavyochanganyika kwa Ng'ombe wa Pwani ya Kilwa

Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu. Mwili unapotengeneza mbegu za uzazi, kromosomu iliyotoka kwa baba hulala sambamba na ile ya mama. Zote mbili hukatika mahali pamoja, kisha hubadilishana vipande. Ndiyo maana ndama hurithi mseto wa babu na bibi katika kromosomu moja.

Mabadilishano hayo hayatokei sawasawa. Kwa ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein, mbegu ya fahali huwa na mabadilishano 25 hivi kwa wastani, na yai la jike 23. Kwa binadamu ni kinyume: mwanamke humzidi mwanamume. Jeni iitwayo PRDM9 hutoa protini inayotambua mfuatano fulani wa DNA, ikaunasa na kuonyesha pa kukata. Nyingine, RNF212, huathiri idadi ya mabadilishano. Jeni hizi zina sura tofauti baina ya wanyama, hivyo ramani za mahali pa mabadilishano za ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein, Jersey, Ayrshire na Brown Swiss hufanana kwa sehemu kubwa, ila si kila mahali.

Katika Mkoa wa Lindi, Tanzania, iliko Kilwa, mbung'o na ugonjwa wa nagana wanaoueneza vilizuia ufugaji kwa muda mrefu. Mifugo iliongezeka hasa baada ya 2006, wafugaji walipoondolewa Bonde la Usangu na wengi wao kuhamia Kilwa na wilaya jirani. Ng'ombe wao, kama walio wengi nchini, ni zebu wa pembe fupi, wenye nundu.

Zebu huyu ni chotara wa kale. Utafiti wa jenomu za ng'ombe 172 wa asili wa Afrika, uliochapishwa 2020, ulikadiria kuwa zebu wa Asia na ng'ombe wa Afrika wasio na nundu walichanganyika miaka 750 hadi 1,050 iliyopita, enzi ambayo Kilwa ilistawi kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Makadirio hayo hutokana na urefu wa vipande vya DNA vilivyotoka kila upande, kwani mabadilishano ya kila kizazi huvikata vikawa vifupi zaidi. DNA ya mitokondria, isiyobadilishana vipande, imebaki ya Kiafrika.

Kwa mfugaji anayepandisha zebu kwa fahali wa maziwa, mabadilishano haya yana uzito. Pale mabadilishano yanapokuwa haba, jeni ya maziwa huweza kuburuta jeni dhaifu iliyo jirani yake kwa vizazi vingi. Ramani ya mabadilishano ya ng'ombe wa Kilwa ingesaidia kuchagua madume watakaoongeza maziwa bila kupoteza uhimili wa joto na maradhi.