Mfupa wa ziada katika mguu: picha ya radio inaonyesha nini?

Ndugu mfanyakazi, vua kiatu, na mama nyumbani afanye vile vile. Pitisha kidole upande wa ndani wa mguu, mbele kidogo ya kifundo na chini yake. Utagusa kinundu. Karibu mtu mmoja kati ya kumi ana kifupa cha ziada mahali hapo, wala hakuvunjika: ndivyo alivyoumbwa. Wengi wanazeeka bila kukijua.

Taabu inaanza mabuti ya mpira yanapokibana zamu nzima, ama mguu unapopinda juu ya mawe. Mshipa mnene unaoinua upinde wa wayo umeshikamana na kifupa hicho, na kwa kila hatua unakivuta.

Mfanyakazi mmoja alitufikia hapa Bunia akichechemea. Kapita alimwita mvivu. Jirani alimwambia mfupa umetoka mahali pake, akaukanda kwa mawese na kuuvuta siku tatu. Mguu ukavimba zaidi. Tukampeleka kupigwa radio (si ile ya kusikilizia muziki!).

Mionzi ya radio, aliyoigundua Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, inapenya nyama lakini mfupa unaizuia. Kwa hiyo mfupa unatoka mweupe. Uliovunjika karibuni una kingo kali, zenye meno. Kifupa cha ziada ni cha mviringo, laini kama kokoto la mtoni. Picha ya juu na ya ubavuni pengine hazikionyeshi vizuri. Hapo munganga anaomba ya tatu, mguu umelazwa mshazari, na pengine picha ya mguu wa pili kwa kulinganisha.

Lakini, ndugu, picha haionyeshi maumivu. Kifupa kinaweza kuonekana wazi, kumbe maumivu yanatoka kwingine. Basi usiseme tu «mguu unauma». Onyesha kwa kidole kimoja, pale pale.

Mwenzetu alifungwa plasta wiki chache, akapewa mabuti mapana na kitambaa kinene chini ya upinde wa wayo. Amerudi kazini. Kukitoa kwa kupasua ni kwa wachache, wale ambao hayo yote hayakuwasaidia.

Picha uliyopewa usiitupe. Uilete tena ukirudi. Na mama mwenye mimba, hata ya mwezi mmoja, aseme kabla ya kupigwa radio.