Ndimu Hutia Ladha, Moto Huivisha

UKURASA WA AFYA
Na Mganga Msaidizi wa Vijijini

Leo tutazungumza juu ya chakula kitamu chenye afya, yaani kamba wa kuchoma. Kamba hupatikana sehemu nyingi za pwani yetu. Huvuliwa Bagamoyo, huvuliwa Kilwa, na hasa huvuliwa katika delta ya mto Rufiji, mahali ambapo maji ya mto hukutana na maji ya bahari katikati ya mikoko. Wengi wao huuzwa. Lakini mvuvi na jamaa zake nao wanastahili kula vizuri, kwa sababu kamba ana protini nyingi. Protini ni chakula cha kujenga mwili. Mtoto anayekua anaihitaji, na mama mjamzito anaihitaji.

Watu wengi huwatia kamba ndimu na kitunguu saumu kabla ya kuwachoma. Hiyo ni desturi nzuri, na leo tutajifunza kuifanya vizuri zaidi. Lakini ipo imani moja inayoleta wagonjwa zahanati. Wako wanaosema kwamba ndimu huivisha kamba na kuua vijidudu vyote vya ugonjwa. Hiyo si kweli. Ndimu hutia ladha. Moto ndio unaoivisha.

KUCHAGUA KAMBA

Kiungo kizuri hakiwezi kumponya kamba aliyeoza. Kwa hiyo anza kwa kuchagua.

Kamba mzuri ananukia bahari. Nyama yake ni ngumu kidogo ukiibonyeza. Gamba lake linang'aa na limeshika mwili. Kichwa hakijalegea.

Kamba aliyeharibika ana harufu kali, kama ya mkojo. Mwili wake unateleza na kichwa kinachomoka chenyewe. Mtupe. Usimtie ndimu ili kuficha harufu. Harufu itapungua, lakini sumu na vijidudu vitabaki.

Kamba huharibika upesi kuliko nyama ya ng'ombe. Mara tu ukimnunua, mweke kwenye barafu kama ipo. Kama hakuna barafu, mfunike, mweke kivulini, na mpike mapema. Asikae bila barafu zaidi ya saa mbili. Siku ya joto kali, asizidishe saa moja.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa watu wanne au watano, tafuta vitu hivi:

Kamba, kilo 1.
Ndimu 4 zenye maji. Kama huna ndimu, tumia malimau 2.
Kitunguu saumu, punje 8.
Chumvi, kijiko 1 kidogo cha chai.
Mafuta ya kula, vijiko 2 vikubwa. Mafuta ya nazi yanafaa sana.
Pilipili, ukipenda.
Vijiti vya mianzi, au wavu wa kuchomea.

Tumia bakuli la udongo, la kigae au la plastiki. Usiloweshe kamba katika sufuria ya alumini. Ukali wa ndimu hula alumini, na chakula hupata ladha ya chuma.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji safi.

2. Toa vichwa vya kamba. Pasua mgongo wa kila kamba kwa kisu, juu juu tu. Utaona uzi mweusi. Huo ni utumbo. Utoe na uutupe. Acha gamba lililobaki, kwani huilinda nyama isikauke motoni.

3. Osha kamba kwa maji safi na salama. Usiwaoshe kwa maji ya mtoni wala ya kisima kisichofunikwa. Wachuje maji.

4. Osha vijiti na uviloweke katika maji safi, ili visiungue motoni.

5. Twanga kitunguu saumu pamoja na chumvi mpaka vilainike. Kitunguu saumu kizima hakina harufu kubwa. Kikipondwa ndipo nguvu yake inapotoka.

6. Kamua ndimu. Ondoa mbegu, maana zina uchungu. Changanya maji ya ndimu, kitunguu saumu, mafuta na pilipili.

7. Sasa washa mkaa. Usiwatie kamba kiungo kabla ya kuwasha mkaa.

8. Mkaa ukishaanza kushika, mimina kiungo juu ya kamba. Wageuze geuze ili kiingie kwenye mipasuo ya migongo. Funika bakuli ili nzi wasitue.

9. Acha kamba walowe kwa dakika 20. Kama huna saa, tazama moto wako. Wakati moshi umekwisha na mkaa umefunikwa na majivu meupe, kamba nao wamekuwa tayari.

Kwa nini dakika 20 tu? Kwa sababu ndimu ni kali. Kamba akikaa humo saa nyingi, nyama yake hukakamaa nje, na baadaye hupukutika mdomoni kama chenga.

KWA NINI NDIMU PEKE YAKE HAITOSHI

Ukimtia kamba ndimu, baada ya muda utaona nyama yake inabadilika. Ilikuwa inapenya mwanga kama kioo, sasa inakuwa nyeupe. Ndipo watu husema, "Ameiva." Je, ameiva kweli?

Fikiri juu ya maziwa. Ukitia ndimu katika maziwa mabichi, hukatika na kuganda. Je, maziwa hayo yamechemka? La. Ni ukali wa ndimu uliobadilisha protini iliyo ndani yake. Na kwa kamba ni hivyo hivyo. Sura imebadilika, lakini moto haujamfikia.

Ni kweli kwamba ukali wa ndimu hudhoofisha baadhi ya vijidudu, hata vile vya kipindupindu. Lakini hatuwezi kuutegemea, kwa sababu tatu. Kwanza, maji yanayotoka katika kamba huuzimua. Pili, ndimu hushika nje upesi, lakini ndani huchelewa kufika. Tatu, viko vijidudu vingine ambavyo havifi kwa ndimu. Nacho kitunguu saumu ni kiungo kizuri, lakini hakiwezi kufanya kazi ya moto.

Jambo hili ni kubwa hasa kwetu watu wa pwani. Vijidudu vya kipindupindu vinaweza kuishi katika maji ya mlango wa mto, mahali ambapo maji ya chumvi na maji baridi huchanganyika. Humo hujishika kwenye magamba ya viumbe vidogo vya majini. Wazee wetu wanakijua kipindupindu. Mwaka 1977 na 1978 kilienea sehemu nyingi za Tanzania, na tangu wakati huo kimerudi mara nyingi.

Nchi za mbali nazo zimepata fundisho hili. Huko Peru, katika Amerika ya Kusini, watu hupenda sana samaki mbichi aliyeloweshwa ndimu. Mwaka 1991 kipindupindu kilizuka katika nchi hiyo na kuua watu wengi. Maji machafu ndiyo yaliyokuwa njia kubwa ya ugonjwa. Lakini vyakula vya baharini visivyopikwa vilikuwa njia nyingine, na watu wa afya waliwaonya wananchi wasile samaki mbichi.

Jioni moja waliletwa zahanati watu wanne wa nyumba moja. Wote walikuwa wanahara na kutapika. Mama wa nyumba alieleza kwamba walinunua kamba asubuhi. Waliwatia ndimu, wakawaacha jikoni mpaka alasiri bila barafu. Kisha waliwapitisha motoni kidogo tu, kwa kuwa waliwaona weupe tayari. Mama huyo aliniuliza kwa mshangao, "Mwanangu daktari, mbona nilitia ndimu saba?" Walitibiwa, wakapona wote. Lakini mtoto wao mdogo alikuwa amekwisha kulegea na macho yameingia ndani. Kama wangengoja mpaka asubuhi, huenda tungempoteza.

NAMNA YA KUCHOMA

Watunge kamba kwenye vijiti, au wapange juu ya wavu. Usiwabananishe, moto upate kupita.

Choma juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto. Ndimi za moto huunguza nje na kuacha ndani kubichi. Kamba wa wastani huhitaji dakika 2 au 3 kila upande. Kamba wakubwa huhitaji zaidi.

Utajuaje kwamba wameiva? Usitazame weupe wa nje tu, kwani weupe huo unaweza kuwa wa ndimu. Tazama mambo matatu. Gamba limekuwa jekundu lote. Mwili umejikunja. Kisha mchukue kamba mkubwa kuliko wote, umpasue mahali penye nyama nene. Ndani pawe peupe kabisa na pawe pa moto. Ukiona bado panang'aa kama kioo, warudishe wote motoni.

Kiungo kilichobaki katika bakuli kimechanganyika na maji ya kamba wabichi. Usikimimine juu ya kamba walioiva. Kimwage. Ukitaka ndimu ya kulia, kamua nyingine mpya.

Usiwarudishe kamba walioiva katika bakuli la kwanza kabla ya kuliosha kwa sabuni. Kisu na ubao uliokatia kamba wabichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa. Watu wengi huivisha kamba vizuri, kisha huugua kwa sababu ya kachumbari.

Pia, usitengeneze kiungo kingi cha kitunguu saumu na mafuta ukakiweka chupani kwa siku nyingi. Ndani ya mafuta hamna hewa, na humo chaweza kuota kijidudu chenye sumu kali sana. Tengeneza cha siku hiyo tu.

Wewe uliye mbali na bahari waweza kutumia kiungo hiki kwa samaki wa ziwani au mtoni. Mpasue samaki mbavuni, mloweshe, umchome mpaka nyama iachane na mfupa. Sheria ni ile ile.

WASIOFAA KULA KAMBA

Wako watu ambao miili yao inakataa kamba, hata akiwa mzima na ameiva vizuri. Wakila, huwashwa mwili, huota vipele, au huvimba midomo. Mtu wa namna hii asile kamba tena. Asilazimishwe kwa heshima ya mwenyeji. Akivimba koo au akipumua kwa shida, mpelekeni zahanati au hospitali mara moja. Msingoje.

MTU AKIHARA

Mtu akianza kuhara na kutapika, mpe maji ya ORS mara moja. Wewe sasa unajua kusoma. Basi soma maandishi yaliyo juu ya pakiti, uone ni maji kiasi gani yanatakiwa, na ufuate hivyo hivyo.

Kama hakuna pakiti, tengeneza hivi. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe na kilele. Usizidishe chumvi, kwani ikizidi hudhuru, hasa kwa mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Mtoto anyaye aendelee kunyonya.

Ukiona mtu anahara maji kama ya kuoshea mchele, usimtibu nyumbani peke yako. Mpeleke zahanati upesi, huku ukiendelea kumnywesha njiani. Kipindupindu chaweza kumuua mtu kwa saa chache.

Ndugu msomaji, hatusemi uache ndimu. Tia ndimu, tia na kitunguu saumu, chakula kiwe kitamu na watoto wale washibe. Lakini kazi ya moto uiachie moto.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kamba aliyeharibika utamjuaje?
2. Kwa nini tunawasha mkaa kwanza, ndipo tunawatia kamba kiungo?
3. Jirani yako anasema, "Kamba wangu wamekuwa weupe kwa ndimu, sina haja ya kuwachoma sana." Utamjibu nini?
4. Kiungo kilichobaki katika bakuli tukifanyeje? Kwa nini?
5. Eleza namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Kisha mtengeneze pamoja darasani, na kila mmoja aonje. Yasiwe na chumvi kuliko machozi.