Jinsi ya Kuchagua Programu Huria ya Kuchakata Markdown

Markdown ni utaratibu wa kuandika kwa herufi na alama za kawaida, ili kompyuta iyageuze maandishi hayo kuwa ukurasa uliopangwa vizuri. Uliasisiwa na John Gruber wa Marekani mwaka 2004. Alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari huonyesha kichwa cha habari. Neno lililo kati ya nyota mbili huchapwa kwa mlazo. Programu zifanyazo kazi ya kugeuza ni nyingi, nazo hazilingani.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa hesabu huko Nyaishozi, wilayani Karagwe, atungaye mtihani pamoja na mwenzake wa Kyerwa. Sehemu B yaanza na swali la 11. Programu ya awali ya Gruber huipuuza namba hiyo na kuanza tena na 1. Programu zifuatazo kanuni za CommonMark, zilizotangazwa mwaka 2014, huihifadhi. Hivyo maandishi yale yale yaweza kutoa karatasi mbili tofauti, na usahihishaji ukavurugika.

Kwa hiyo mchaguaji hana budi kuuliza mambo manne:

1. Je, programu inafuata kanuni zilizoandikwa? CommonMark ina mifano zaidi ya 600 ya kuipimia.

2. Je, inatosheleza kazi? CommonMark haina majedwali. Pandoc, iliyoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, hushughulikia majedwali na fomula, tena bila intaneti.

3. Je, ingali ikitunzwa, na leseni yake yasemaje? Leseni ya GPL, iliyo ya Pandoc, humtaka agawaye programu iliyorekebishwa aitoe kwa leseni hiyo hiyo. Leseni ya MIT, iliyo ya markdown-it, ina masharti machache.

4. Je, ni salama? Maandishi ya Markdown yaweza kubeba HTML yenye amri za hatari. Kwa tovuti ya shule, yafaa programu inayoizuia.

Hata hivyo, programu haiondoi wajibu wa kusahihisha. Ukiandika 2\*3\*4 bila mikwaju hiyo ya nyuma, nyota huchukuliwa kuwa alama za mlazo, na mtahiniwa husoma 234.

Wanafunzi na wafanye jaribio hili: wachukue mtihani mmoja wa zamani, waupitishe katika programu mbili, kisha walinganishe karatasi mstari kwa mstari. Tofauti watakazoziona zitawafundisha kuliko sifa za programu yoyote.