FEDHA ZA LIKIZO: NANI AMEZISHIKA?

Mfanyakazi wa kiwandani huko Uingereza au Ujerumani akitaka kwenda likizo ya majira ya joto, hulipa kwanza na kusafiri baadaye. Mwezi wa Januari, baridi ikiwa bado kali, huingia katika duka la kampuni ya safari, akachagua hoteli ya Hispania, Tunisia au Mombasa, akaacha arubuni. Wiki kadhaa kabla ya kuondoka humaliza fedha zilizobaki. Kwa bei hiyo moja amenunua ndege, kitanda na chakula. Lakini mpaka siku ya kupanda ndege, alichonacho mkononi ni karatasi tu.

Sisi wa kurasa za nchi jirani twalitazama jambo hili hivi: kwa miezi yote hiyo mfanyakazi ameikopesha kampuni. Hakutoza riba, wala hakupewa rehani. Kama angekuwa benki, asingetoa hata senti moja kwa masharti kama hayo. Basi safari ikivunjika, swali ni moja: fedha zake ziko wapi, na nani amezishika? Swali hilo limeulizwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 50, na majibu yake yanawahusu pia wafanyakazi wenzetu wa madukani, wa ndege na wa hoteli, pamoja na hoteli za pwani yetu.

KAMPUNI HUANGUKA MSIMU UKIISHA

Tarehe 15 Agosti 1974 kampuni ya Court Line ya Uingereza ilifilisika. Pamoja nayo ilianguka Clarksons, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za kuuza likizo nchini humo. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa ng'ambo siku ile, na wengine wengi walikuwa wamekwisha kulipa lakini hawajaondoka. Mwezi wa Juni, wiki chache tu kabla ya hapo, waziri wa viwanda, Tony Benn, alikuwa amewatuliza watu Bungeni kuhusu likizo za kiangazi kile. Maneno ya waziri hayakuweza kumrudishia mtu fedha zake.

Tangu hapo historia imejirudia. XL Leisure ilianguka tarehe 12 Septemba 2008. Shirika la ndege la Monarch likafuata tarehe 2 Oktoba 2017. Thomas Cook, kampuni iliyotimiza miaka 178, ilifungwa tarehe 23 Septemba 2019. Tazameni miezi: Agosti, Septemba, Oktoba. Hiyo si bahati mbaya. Fedha za wateja huingia kwa wingi kuanzia majira ya baridi hadi mwanzo wa kiangazi. Hoteli, kwa upande wao, aghalabu hulipwa baada ya wageni kuondoka. Kwa hiyo kampuni yenye madeni hutumia fedha za mteja wa leo kulipa gharama za mteja wa jana. Kiangazi kikiisha, wenye hoteli huleta hesabu zao, na fedha mpya bado hazijaanza kuingia. Hapo ndipo sanduku huonekana tupu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na katika matanga haya wateja na wafanyakazi ndio huachiwa kilio.

SHERIA ZILIZALIWA NA HASARA

Baada ya msiba wa 1974, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mwaka 1975 iliyoanzisha mfuko wa akiba wa wasafiri wa anga, na tozo ikakatwa katika mauzo ya likizo ili kuujaza. Denmark nayo ilianzisha mfuko wake wa dhamana mwaka 1979. Mwezi wa Juni 1990 Jumuiya ya Ulaya ikatoa agizo kwa nchi zote wanachama: kila kampuni inayouza likizo ya mkupuo lazima iweke dhamana, ili ikifilisika wateja warudishiwe fedha na walio ng'ambo warudishwe makwao. Nchi zilitakiwa kuwa tayari ifikapo tarehe 31 Desemba 1992.

Ujerumani ilichelewa. Mwaka 1993 kampuni mbili za safari zikafilisika nchini humo. Wateja wengine hawakusafiri kabisa, wengine ilibidi wajilipie nauli ya kurudi nyumbani. Walipoona kampuni hazina kitu, waliishtaki Serikali yenyewe kwa kutotunga sheria katika wakati uliowekwa. Shauri lilifika Mahakama ya Ulaya, ambayo tarehe 8 Oktoba 1996 iliamua kwamba nchi ikishindwa kutimiza agizo kama hilo kwa wakati, yapasa kuwafidia raia waliopata hasara kwa sababu hiyo. Hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kawaida waliolipia likizo, na hukumu yao husomwa katika vyuo vya sheria mpaka leo.

YALIYOTOKEA THOMAS COOK

Thomas Cook ilipofungwa ilikuwa na deni la takriban pauni bilioni 1.7. Serikali ya Uingereza ilikodi ndege na kuwarudisha nyumbani watu zaidi ya 140,000 katika wiki mbili. Waliokuwa wamelipia likizo ya mkupuo na bado hawajasafiri walikuwa na haki ya kurudishiwa fedha zote kutoka mfuko wa dhamana unaochangiwa na kampuni za safari kwa kila msafiri. Madai yalikuwa mengi mno na watu walisubiri kwa muda, lakini fedha zilikuwapo. Aliyekuwa amenunua tiketi ya ndege peke yake kwa kawaida hakuwa ndani ya ulinzi huo. Huyu alibaki kutafuta haki yake kwa bima, au kwa benki iliyompa kadi ya mkopo.

Ujerumani mambo yalikuwa tofauti. Dhamana ilikuwapo kwa njia ya bima, lakini sheria ya nchi iliruhusu kampuni ya bima kuweka kikomo cha yuro milioni 110 kwa mwaka. Madai yalizidi kikomo hicho kwa mbali, na mteja aliambiwa kwamba angepata sehemu ndogo tu ya fedha zake. Mwezi wa Desemba 2019 Serikali ya Ujerumani ililazimika kutangaza kwamba itaijaza tofauti hiyo kutoka hazina. Mwaka 2021 ikatunga sheria ya mfuko mpya wa dhamana. Kampuni ya FTI ilipofilisika mwezi wa Juni 2024, mfuko huo ndio uliowarudishia fedha wateja wa likizo za mkupuo.

Twajifunza nini? Kampuni ya Uingereza na ya Ujerumani zilibeba jina moja, na zilianguka katika juma moja. Tofauti haikuletwa na huruma ya mtu. Ilitokana na mahali fedha zilipowekwa kabla ya siku ya msiba.

HATI BADALA YA FEDHA

Mwaka 2020 ulileta shida ya namna nyingine. Ugonjwa wa korona ulifunga mipaka, na likizo zilivunjwa kwa mamilioni. Sheria ya Uingereza na ya Ulaya ilikuwa wazi: kampuni ikivunja likizo ya mkupuo, imrudishie mteja fedha zote ndani ya siku 14. Kwa tiketi ya ndege iliyofutwa na shirika lenyewe, muda ni siku 7. Kampuni nyingi hazikufanya hivyo. Zilitoa hati ya kusafiri siku nyingine, zikafunga simu, zikamwambia mteja asubiri.

Mteja aliyepunguziwa mshahara au kuachishwa kazi alihitaji chakula na kodi ya nyumba. Hati ya safari ya mwakani ingemfaa nini? Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Tena, kampuni ikifilisika hati nayo hubaki karatasi, isipokuwa pale dhamana ya serikali ilipoifunika.

Baadhi ya serikali zilikubali kampuni zitoe hati kwa lazima. Tarehe 13 Mei 2020 Halmashauri ya Ulaya ilisema kwamba hati ni hiari ya mteja, na mwezi wa Julai ikaanza kuzichukulia hatua nchi 10 zilizokuwa zimelegeza sheria hiyo. Uingereza, mamlaka ya ushindani na masoko iliziandikia kampuni zaidi ya 100 kuzikumbusha wajibu wao. TUI iliahidi kumaliza kulipa madai yaliyolimbikizana ifikapo mwisho wa Septemba 2020. Lastminute.com iliahidi kulipa pauni milioni 7 kwa wateja zaidi ya 9,000 ifikapo tarehe 31 Januari 2021. Siku ilipopita kukiwa bado kuna wateja ambao hawajalipwa, mamlaka ilitishia kwenda mahakamani. Dawa ya deni ni kulipa, lakini wadeni wengine hawaikumbuki dawa hiyo mpaka waone mlango wa mahakama.

ANAYETUKANWA NA ANAYEDAI NI NDUGU

Sasa tuseme neno la chama. Mteja mwenye hasira hamwoni mkurugenzi. Humwona msichana wa kaunta, au humsikia kijana wa simu, ambaye ameamriwa na wakubwa wake ataje hati kwanza na fedha mwisho. Matusi yote humwangukia yeye. Lakini yeye naye ni mdai. Thomas Cook ilipofungwa, wafanyakazi wapatao 9,000 wa Uingereza walipoteza kazi usiku mmoja. Malipo yao ya kuachishwa kazi ilibidi yatoke katika mfuko wa bima ya taifa, na kwa hesabu ile mshahara wa juma haukuhesabiwa zaidi ya pauni 525, hata kama mtu alikuwa akipata zaidi. Mwezi uliofuata wabunge walimwita mkuu wa kampuni na kumhoji juu ya malipo na marupurupu ya viongozi.

Wenye hoteli nao walidai. Waziri wa utalii wa Tunisia alisema hoteli za nchi yake zinaidai Thomas Cook yuro milioni 60. Huko Hammamet hoteli moja iliwazuia wageni wa Kiingereza wasitoke mpaka hesabu ilipwe, ingawa wageni wale walikuwa wamekwisha kulipa nyumbani kwao. Mdai alimkamata mdai mwenziwe, na mdeni hakuwapo.

INATUHUSU NINI SISI?

Yatuhusu sana. Kenya ilifunga safari za ndege za abiria kutoka nje tarehe 25 Machi 2020 na kuzifungua tena tarehe 1 Agosti. Katika miezi hiyo wafanyakazi wengi wa hoteli za Pwani walipelekwa likizo bila malipo. Mpishi wa Diani na mtandika vitanda wa Nungwi hawakuwa na mfuko wowote wa dhamana. Mtalii aliyedai fedha zake London alikuwa na sheria ya siku 14. Mfanyakazi aliyemngoja pwani alikuwa na mkataba wa msimu.

Tena sisi wenyewe hulipa kabla ya kusafiri: fedha za Hija, nauli ya kwenda kumzika mzazi, tiketi ya ndugu aliye Ulaya anayetaka kurudi nyumbani kwa sikukuu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, yataja haki za mtumiaji, ikiwamo kufidiwa akipata hasara kutokana na bidhaa au huduma mbovu, na sheria ya kumlinda ilipitishwa mwaka 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003. Haki imeandikwa. Lakini haki iliyoandikwa na fedha zilizowekwa kando ni vitu viwili, kama tulivyoona Ujerumani.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu:

1. Kabla ya kulipa, ulizeni: mkifilisika, fedha zetu zitarudishwa na nani? Mwombe jibu kwa maandishi. Wakala asiyeweza kulijibu, mwacheni.

2. Tunzeni stakabadhi zote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Safari ikivunjika, angalieni aliyeivunja. Kampuni ikivunja, deni ni lake. Wewe ukiwahi kuivunja kwa hofu, huenda ukapoteza arubuni yako. Mara nyingi kampuni hungoja uwahi.

4. Usipokee hati kama wataka fedha. Andika barua yenye tarehe, taja kiasi na siku ya mwisho ya kulipwa.

5. Ndugu walio Uingereza wakumbuke kwamba kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 huifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji, ikiwa kitu kilichonunuliwa kwa kadi ya mkopo kina bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000.

6. Daini kwa pamoja. Barua moja yenye majina 40 husomwa haraka kuliko barua 40 za mtu mmoja mmoja. Matawi ya vyama yanaweza kuwa mahali pa kuzikusanya.

Na kwa vyama vya wafanyakazi wa hoteli na utalii tuna pendekezo. Mkikaa mezani na waajiri, msidai mishahara peke yake. Daini pia kwamba sehemu ya fedha za msimu iwekwe kando, mahali mwajiri asipoweza kuigusa, kwa ajili ya mishahara ya miezi ambayo wageni hawaji. Mtalii wa Ulaya alipata mfuko wake baada ya hasara ya 1974. Mpishi wa Diani hana sababu ya kungoja hasara nyingine ndipo apate wake.