Hoja Inayoweza Kupingwa

Malangali, Sumbawanga, kama kwingine Tanzania, insha nyingi za fasihi za kidato cha nne huanza kwa kueleza maana ya fasihi, zikataja vitabu na waandishi wake, ndipo zikaingia kwenye hoja. Utangulizi huo hauna kosa, ila unaweza kubandikwa mbele ya kitabu chochote. Kinachokosekana ni hoja kuu: sentensi moja au mbili zinazosema kazi hii inatuambia nini na kwa njia gani, kiasi kwamba mtu aliyeisoma kazi hiyohiyo anaweza kukataa na kutoa sababu zake. Naona kukatalika huko ndiko kipimo cha kwanza cha hoja kuu. Sentensi isiyoweza kupingwa na yeyote haihitaji kurasa tatu za kuithibitisha.

Mfano mzuri uko Ufipa kwenyewe, nchi ya Wafipa ilipo Sumbawanga. Masimulizi ya Milansi, makao ya kale ya utawala wa Wafipa, yanasema Ntatakwa, mtawala wa kwanza, alimwonya mkewe kwamba wageni watakuja kudai kigoda cha utawala, asiwape. Akaenda kuwinda. Wakaja wanawake watatu wa ukoo wa Twachi, na mke akawapa kigoda. Ntatakwa aliporudi, nchi ilikuwa imeondoka mikononi mwake, lakini Milansi ikabaki kwake pamoja na heshima yake ya kimila. Mwanafunzi akiandika kwamba masimulizi haya yanahusu utawala, hajasema kitu. Akiandika kwamba yanafundisha utii, amesogea kidogo, ingawa bado hajatueleza kwa nini asiyetii haadhibiwi. Lakini akiandika kwamba masimulizi haya hayaombolezi kushindwa kwa Milansi, bali yanahalalisha nchi kuwa na mamlaka mbili, ya wenyeji na ya wageni, hapo kazi imeanza. Sasa itambidi aeleze kwa nini onyo lilitolewa mapema, kwa nini mume hakuwepo, na kwa nini hakuna damu iliyomwagika. Mwaka 1967 mwanaanthropolojia Roy Willis alidai kwamba Milansi inasimama mahali pa kichwa na Twachi mahali pa kiuno, yaani akili iliyotulia mbele ya nguvu ya uzazi inayotembea. Unaweza kumkatalia, na ukimkatalia utalazimika kurudi kwenye kigoda na kwa yule mke. Hiyo ndiyo faida ya dai lake.

Wapo walimu watakaosema kwamba mtihani unataka hoja tatu kutoka kila kitabu, na dai kubwa linapoteza dakika. Naiheshimu hofu hiyo, kwa kuwa saa ya mtihani haimsubiri mtu. Lakini hoja tatu zisizo na mama mmoja ni orodha tu, na mwanafunzi huikariri kwa taabu. Zikizaliwa na dai moja, kila moja humkumbusha inayofuata. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kazi ya sanaa ina maana nyingi, na kuibana kwenye sentensi moja ni kuidhulumu. Ingekuwa hivyo kama hoja kuu ingetangaza kwamba imemaliza maana zote. Haitangazi hivyo, inachagua mlango mmoja na kumwachia mwingine aingie kwa mlango wake.

Tuchukue Takadini ya Ben Hanson. Kwamba riwaya hii inapinga ubaguzi dhidi ya watu wenye ualbino ni kweli, na katika mkoa wa Rukwa, ilipo Sumbawanga, ambako watu hao wameshambuliwa na kukatwa viungo, ukweli huo una uzito wa pekee. Hata hivyo, hakuna msomaji makini atakayeupinga kama usomaji wa kitabu. Tazama Sekai, mama wa Takadini, mtoto mwenye ualbino, anakimbia nini na anapokewa na nani: anakimbia watu wa mumewe, anapata hifadhi kwa Mzee Chivero, asiye ndugu yake. Kutokana na hapo mtu anaweza kudai kwamba kwa Hanson damu ndiyo inayohukumu na ugeni ndio unaookoa. Mwenzake wa dawati la nyuma anaweza kujibu kwamba hata kijiji cha ugenini kiliwapokea kwa shaka, na wote wawili watafungua kitabu upya.