Kupatwa kwa Mwezi na Mgeuko wa Jua: Je, ni Ishara?



Kila mara mwezi unapopatwa, waamini hutuuliza kwa hofu: je, wekundu ule si damu aliyoitaja nabii Yoeli? Hofu huzidi tukio likiangukia siku ya pekee, kama tarehe 21 Desemba 2010, wakati jua hufikia kikomo cha safari yake ya kusini. Kabla ya hapo mambo hayo mawili yalikutana mwaka 1638.

Lakini waliokuwa Mafia siku hiyo hawakuona kitu, kwa kuwa kilele kilikuwa saa 5:17 asubuhi. Tena, huko kaskazini mwa dunia walikuwa katika mchana mfupi kuliko yote. Mafia ulikuwa mrefu kuliko yote, joto la kaskazi likiwa limekolea. Mtakatifu Augustino alihubiri kwamba Kristo alizaliwa wakati nuru inapoanza kuongezeka. Ni taswira nzuri, ila kwetu siku hizo mchana huanza kupungua, na Noeli haipungukiwi na kitu.

Mwezi hupatwa unapoingia katika kivuli cha dunia, nao huwa mwekundu kwa sababu mwanga mwekundu wa jua hupenya angahewa na kuufikia. Hutokea wakati wa mwezi mpevu tu, lakini si kila mwezi, maana njia ya mwezi imeinama kiasi cha nyuzi 5. Wavuvi wa Kilindoni na Jibondo wanajua kwamba mwezi mpevu huleta bamvua; basi maji yakijaa sana baada ya kupatwa, ni bamvua ile ile ya kila mwezi.

Na Yoeli je? Mtume Petro alimtaja siku ya Pentekoste ili kueleza kumiminwa kwa Roho Mtakatifu, jambo lililokuwa likitimia mbele ya wasikilizaji wake. Hakuwa akiwapa kalenda ya anga.

Tunayasema haya mapema kwa sababu mwezi utapatwa wote tarehe 31 Desemba 2028, na uvumi hautakosekana. Kisiwani utachomoza ukiwa tayari umeanza kuliwa, utakuwa mwekundu tangu saa 1:16 hadi saa 2:28 usiku, na kabla ya saa 4 kivuli kitakuwa kimeuacha. Watakaokuja kwenye Misa ya mkesha usiku wa manane wataukuta mweupe.